Nguzo ya serikali, kamera ya getini au ya kifuani: pesa ya kamati iende wapi?

Wizi ukishatokea mara tatu nne mtaani, kikao kinaitwa na mtu wa kwanza kusimama anauliza: tununue kamera ngapi? Mimi ningeanza kwingine. Mnataka kamera imtishe mwizi asije, au imtambulishe akishakuja? Ni kazi mbili tofauti, na kamera inayoiweza moja mara nyingi haiiwezi nyingine. Fundi wa kuuza hatawauliza hilo, kwa sababu yeye anauza kwa idadi.

Hapa nalinganisha aina ambazo polisi huzitegemea zaidi: kamera za serikali barabarani, kamera za watu binafsi, kamera anazovaa askari, na programu za kutambua sura. Niseme mapema nilikoegemea. Kwa kamati ya ulinzi wa mtaa yenye pesa ya kubana, kamera zenu wenyewe zikifungwa kwa ustadi zina faida kubwa kuliko kuchangia nguzo ya kamera za serikali. Utambuzi wa sura uacheni kabisa.

Kuzuia ni kitu kimoja, kubaini ni kingine

Mwaka 2019 Eric Piza na wenzake, wakiwamo Brandon Welsh na David Farrington, walichambua kwa pamoja tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za usalama. Maeneo yenye kamera yalipata upungufu wa uhalifu wa asilimia 13 hivi ukilinganisha na yasiyo nazo. Ni kitu, ila si cha kupigiwa vigelegele. Ukichungulia ndani ya hesabu ndipo mambo yanapopendeza: kwenye maegesho ya magari upungufu ulifika asilimia 37, ilhali kwenye kupiga na kujeruhi watu hawakuona badiliko la kutegemewa.

Sababu haihitaji profesa. Mtu wa kung'oa saiti mira huzunguka kwanza, hupima, na akiona kamera anahamia gari la mtaa wa pili. Mlevi aliyechokozwa nje ya baa hapimi chochote. Panya road wakija kundi zima na mapanga usiku, hawana habari na kilichoning'inia ukutani. Kwa hiyo kama shida yenu ni magari kufunguliwa, kamera inaweza hata kuzuia. Kama shida ni ukabaji wa njiani, taa za barabarani na ulinzi wa doria vitangulie, kamera ifuate.

Kwenye kubaini kamera ina nguvu zaidi. Matthew Ashby, mtafiti wa Uingereza, alipitia matukio zaidi ya 250,000 yaliyosajiliwa na polisi wa reli wa huko kati ya 2011 na 2015. Wapelelezi walipata picha katika asilimia 45 ya matukio, na ziliwafaa katika asilimia 29. Yaani picha zikiwapo, karibu mara mbili katika tatu zinasaidia, na kesi zenye picha zinazofaa zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ufumbuzi. Lakini zaidi ya nusu ya matukio hayakuwa na picha yoyote, na hiyo ni reli ya Uingereza, yenye kamera kila kona.

Nguzo ya serikali

Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013 na mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, serikali ya Kenya ilisaini na Safaricom mkataba wa takriban shilingi bilioni 15 za huko. Mitambo ilitoka Huawei: kamera 1,800 kwa Nairobi na Mombasa, na vituo vya polisi 195 kuunganishwa kwenye mfumo mmoja. Kampala ilifuata. Msemaji wa polisi Andrew Felix Kaweesi alipouawa Machi 2017, Rais Museveni aliagiza kamera zifungwe, na Uganda ikaingia mkataba na Huawei wa dola milioni 126.

Mfumo wa namna hii una kitu ambacho duka lako halitakipata kamwe: unaunganisha. Gari likiporwa Westlands, aliyeketi kwenye chumba cha uangalizi anaweza kulifuata kutoka makutano hadi makutano na kumwambia askari wa doria kwa redio limekata kushoto au kulia. Kamera yako inaona sekunde nane gari linapopita mbele ya duka, basi. Utafiti wa Piza nao ulionyesha kwamba kamera zinazotazamwa na mtu papo hapo zina matokeo makubwa kuliko zinazorekodi tu zikisubiri tukio.

Sasa upande wa pili. Huawei ilitangaza kwamba uhalifu ulipungua kwa asilimia 46 mwaka 2015 katika maeneo ya Kenya yaliyofikiwa na mradi. Takwimu za polisi wenyewe zilionyesha upungufu mdogo zaidi ya huo. Muuza mitambo husifia mitambo yake, na hilo mlikumbuke siku mnapoletewa kabrasha la mauzo lenye picha za kumeremeta.

Halafu kuna suala la nani anaamua lenzi imtafute nani. Juni 2021 watu wenye bunduki kwenye pikipiki waliumiminia risasi msafara wa Jenerali Katumba Wamala jijini Kampala, wakamuua binti yake na dereva; picha za kamera zikaonyesha pikipiki hizo zikilifuata gari. Hakuna atakayelalamikia matumizi hayo. Lakini miezi saba kabla, Novemba 2020, baada ya maandamano yaliyozuka Bobi Wine alipokamatwa, polisi wa Uganda walisema kamera hizohizo ziliwasaidia kuwasaka washukiwa. Mtaa unaochangia nguzo hauna kauli katika hilo.

Na kwa wizi wa kawaida, nguzo iko mbali nanyi. Inatazama barabara kuu na mizunguko, haitazami kichochoro cha nyuma ya soko. Mwananchi hawezi kwenda kuomba picha dirishani. Lazima jalada lifunguliwe, mpelelezi apangwe, naye aombe. Luninga yako iliyoibwa itakaa foleni nyuma ya mauaji na utekaji, na ni haki ikae. Wakati inasubiri, picha zinafutika.

Kamera za watu binafsi

Matukio makubwa yaliyotatuliwa kwa picha yana jambo moja linalojirudia: picha iliyovunja kesi mara nyingi ilitoka kwa mtu binafsi. Bomu lilipolipuka kwenye mbio za Boston tarehe 15 Aprili 2013, FBI walisaidiwa sana na kamera ya duka la Lord & Taylor lililo upande wa pili wa barabara. Siku tatu baadaye sura za washukiwa wawili zilikuwa kwenye kila televisheni. Nairobi, Januari 2019, kamera za jengo la dusitD2 zilimnasa mshambuliaji wa kwanza akisubiri nje ya mgahawa kabla ya kujilipua, na gari lililowaleta wenzake likawapeleka polisi hadi nyumba waliyopanga Muchatha, kaunti ya Kiambu. Hapa Dar, alipotekwa Mohammed Dewji Oktoba 2018, Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alisimama mbele ya waandishi na picha za gari zilizotolewa kwenye kamera, pleti namba ikiwa imesomeka.

Kamera ya binafsi ina sifa nyingine isiyosemwa kwa sauti: haimwogopi mwenye sare. Kamera za supamaketi ndani ya Westgate ndizo zilizowaonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko katikati ya operesheni ya uokoaji. Laiti picha zile zingekuwa kwenye mashine ya jeshi, sidhani kama tungeziona.

Ila kamera hizi zina aibu zake, na ndizo zinazonikera zaidi kwa sababu nyingi zinaepukika kwa gharama ndogo.

Mpelelezi anafika dukani na flashi mfukoni. Mwenye duka anamwonyesha DVR, mashine ya kurekodi picha, juu ya friji, imefunikwa kitambaa, vumbi limeganda kwenye feni. Nenosiri analo fundi, na fundi yuko Tunduma. Likipatikana, saa ya mashine inasoma Januari 2000, kwa sababu betri ndogo ya ndani ilikufa zamani na umeme ulipokatika saa ikaanza upya. Tukio la Jumanne usiku sasa linatafutwa kwa kukisia. Likionekana, ni kijana mwenye kofia aliyepigwa picha kutoka juu ya bati: unaona kofia, unaona mabega, uso hakuna. Kisha mtu anarekodi kioo kwa simu na kuituma WhatsApp, ambayo inaibana picha hadi kile kidogo kilichokuwa kikionekana kinapotea.

Tuanze na upana wa picha, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kiwango cha kimataifa kinachotumiwa na wapangaji wa kamera kinataka pikseli (vinukta vinavyojenga picha) 250 kwa kila mita ili umtambue mtu usiyemjua, na 125 ili umtambue unayemjua. Kamera ya kawaida ya 1080 ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawa kwa 250: unapata mita saba na nusu hivi. Huo ndio upana wote ambao kamera hiyo inaweza kukupa sura ya kupeleka mahakamani. Kamera ya megapikseli 4, yenye pikseli 2,560, inafika mita kumi. Ukiipandisha ile ya 1080 ghorofa ya tatu ili "ione uwanja wote" wa mita 40, umebaki na pikseli 48 kwa mita. Utajua kwamba mtu alipita, na labda kwamba alibeba kitu.

Kwa hiyo kamera mbili zilizobanwa kwenye mlango wa kuingilia, mita mbili na nusu hivi kutoka chini, zinazishinda nane zilizotawanywa juu ya paa. Mwizi anaweza kuzunguka uwanja atakavyo, ila getini lazima apite. Zile za juu zina kazi yake, ya kuonyesha alielekea wapi. Zije baadaye pesa ikibaki.

Usiku una ujanja wake. Kamera nyingi za bei nafuu huwasha taa zisizoonekana kwa macho na picha inakuwa nyeupe na nyeusi. Rangi ya shati inapotea, na shahidi akisema "jekundu" wakili wa utetezi atacheka. Pleti namba nazo zinaurudisha mwanga huo na kugeuka ubao mweupe mtupu, huku taa za gari zikiipofusha lenzi. Kama mnataka namba za magari na pikipiki, nunueni kamera moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na muielekeze mahali chombo kinapopunguza mwendo, kwenye tuta au kizuizi. Usiidai kamera ya sura ikufanyie na kazi ya namba.

Siku za kuhifadhi zinahesabika. Kamera moja ya 1080 ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21 na nusu kwa siku. Nne zinakula 86. Diski ya terabaiti 1 inajaa kabla ya wiki mbili, na mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani bila kumuuliza mtu. Mpelelezi akija siku ya 15 hakuna kitu. Chukueni terabaiti 2 mpate wiki tatu na ushee, na iwe diski ya kazi ya kamera. Ya kompyuta ya kawaida haijatengenezwa kuandika usiku na mchana.

Mahakama nayo ina yake. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kumbukumbu ya kielektroniki ilitengenezwaje na kwa kifaa gani. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime uaminifu wa namna kumbukumbu ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kulindwa isichezewe. Kwa lugha ya mtaani: awepo mtu mmoja anayejulikana, mwenye nenosiri, anayeweza kusimama kizimbani na kusema "mashine ilikuwa nzima, picha nilizitoa mimi, tarehe fulani, nikamkabidhi afisa fulani akasaini." Toeni nakala mbili za faili lenyewe, moja ibaki kwenu. Kama saa ya mashine imepotoka, andikeni imepotoka kwa dakika ngapi. Kuisahihisha kabla ya kuandika ni kuharibu ushahidi kwa nia njema.

Vipi kuhusu kamera ndogo za wifi zenye kadi ndani? Kwa sebule na duka dogo zinafaa, na taarifa inayolia kwenye simu mtu akiingia ni raha. Kwa kamati sizipendekezi. Mwizi akiing'oa kamera anaondoka na kadi, yaani na ushahidi wote. Umeme ukikatika, ruta inazimika na kamera inalala. Mkiamua kuzitumia hata hivyo, angalau mlipie huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni na muiwekee ruta betri yake.

Kamera ya kifuani

Hii hamtainunua ninyi, lakini mikutano ya polisi jamii inaizungumza, na mara huombwa michango, basi ijulikane inafanya nini. Kamera ya kifuani haikutengenezwa kwa ajili ya mwizi wako. Inarekodi askari na raia wanavyokutana.

Mwaka 2012 polisi wa mji mdogo wa Rialto, California, waliijaribu kwa mwaka mmoja: malalamiko dhidi ya askari yakaporomoka na matumizi ya nguvu yakapungua sana. Dunia ikasisimka. Kisha polisi wa jiji la Washington wakaipima kwa askari zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka 2017: hakuna tofauti ya kutegemewa kati ya waliovaa na wasiovaa. Siamini kwamba jaribio moja lilidanganya. Rialto ilikuwa na askari wachache na mkuu aliyeisukuma kamera kwa mkono wake mwenyewe. Idara kubwa ina mazoea yake.

Swali la kuuliza mkiombwa mchango ni nani anaishika picha ikishatoka kifuani. Juni 2025 mwalimu mmoja aliyekuwa pia mwanablogu alifia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central, Nairobi. IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi wa Kenya, ilisema kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Kamera zilikuwepo, ukutani, ndani ya kituo. Picha ikikaa kwa anayechunguzwa peke yake, sioni mtaa unachangia nini.

Utambuzi wa sura

Hapa sibembelezi. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu 189 za kutambua sura. Makosa ya kumfananisha mtu na mtu mwingine yalikuwa makubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na madogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa baadhi ya programu, tofauti ilikuwa mara 10 hadi 100. Someni tena orodha hiyo: Afrika Mashariki imetajwa kwa jina.

Tufanye hesabu ya kukisia. Sokoni kwenu wanapita watu 20,000 kwa siku na programu inakosea mara moja katika 1,000. Hiyo ni kengele 20 za uongo kila siku, na kila kengele ni mtu anayesimamishwa mbele ya wateja wake. Detroit, Januari 2020, baba mmoja mweusi alikamatwa nyumbani mbele ya watoto wake kwa sababu programu ililinganisha picha hafifu ya duka la saa na leseni yake ya udereva. Hakuwa yeye. Tangu 2024, kwa makubaliano yaliyofikiwa katika kesi aliyofungua, polisi wa mji huo hawaruhusiwi kukamata mtu kwa kutegemea jibu la programu peke yake. Uingereza, Agosti 2020, Mahakama ya Rufani ilisema namna polisi wa Wales Kusini walivyoitumia haikuwa halali, sababu moja ikiwa kwamba askari waliachiwa mno uamuzi wa kumweka nani kwenye orodha na kuitumia wapi.

Na Boston? Kamishna wa polisi wa jiji hilo alieleza kwamba programu haikuwatambua wale washukiwa wawili wa bomu, ambao ni ndugu, ingawa picha zao zilikuwemo kwenye kumbukumbu za serikali.

Kwa hali yenu

Kama ni nyumba zenye geti moja au mawili na magari ya kulala nje: kamera moja ya sura na moja ya namba kwa kila geti, mashine kwenye kabati la kufungwa, betri ya kushikilia umeme, na taa nzuri. Hapa hata kuzuia mtapata. Kama ni safu ya maduka, kila mwenye duka abane mlango wake na mmoja wenu apewe kazi ya kukagua saa za mashine zote kila mwezi. Mpelelezi akiunganisha maduka sita yenye saa zinazolingana, amepata njia nzima aliyopita mwizi. Kijiwe cha bodaboda hakihitaji kamera; kinahitaji daftari la usajili na reflekta zenye namba. Na kama mtaa uko kando ya barabara kuu penye utekaji wa magari, hapo, na hapo tu, naona sababu ya kushikamana na polisi kudai nguzo ya serikali, kwa barua yenye namba za majalada na bila kutoa senti.

Wekeni kibao kwamba eneo lina kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya 2019, zinamgusa anayekusanya picha za watu, na kamati ni mkusanyaji. Lenzi isitazame dirisha la jirani, na klipu zisirushwe kwenye kundi la mtaa kwa kicheko.

Msimlipe fundi sehemu ya mwisho ya pesa yake kabla ya jaribio hili: mmoja wenu apite getini saa mbili usiku kwa pikipiki, taa imewaka, kofia kichwani. Toeni faili kwenye flashi, mumpe mtu ambaye hakuwepo, mumuulize huyo ni nani na namba ya pikipiki ni ipi. Akishindwa, fundi apande tena ngazi.